Kumtafuta Babu wa Enzi za Mkoloni: Mwongozo kwa Familia za Tabora na Kigoma

"Mwalimu, nimekwenda Dar, nimelala gesti siku nne, jina la babu sikulikuta."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi hivi kwamba mtu akipita mlangoni kwangu na bahasha ya kaki mkononi, najua anachokuja kusema. Simcheki. Mimi mwenyewe nilianza hivyohivyo: nilipanda treni hapa Tabora na jina moja tu kichwani, nikafunua mafaili hadi macho yakauma, nikarudi na kikohozi cha vumbi.

Kosa letu sote ni moja, kuanza na jina. Makaratasi ya wakoloni hayakupangwa kwa majina ya watu wetu. Yalipangwa kwa yale ambayo serikali iliyataka kwao: kodi, wapagazi, askari, vibarua wa reli, manamba wa mkonge. Babu yako aliandikwa siku alipotakiwa kitu. Ukishajua alitakiwa nini, wapi, na chini ya nani, jina lake utalifikia, ila mara nyingi kwa herufi ambazo hutazitambua upesi.

Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka za mwanzo, za mwisho zitakula nauli yako bure.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kaunta buku moja nene. Karatasi za kuchanachana zitapotea, na kitu cha kwanza kupotea huwa ndicho ulichokihitaji.
- Penseli mbili na kifutio. Kwenye vyumba vya kusomea nyaraka za zamani, wino hauruhusiwi karibu na karatasi.
- Simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi sauti na kupiga picha, pamoja na pawabenki.
- Kioo cha kukuzia maandishi. Cha bei ndogo kinatosha.
- Kitambulisho cha Taifa na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, ikieleza kwamba unatafuta historia ya ukoo wako. Toa nakala tano.
- Sukari, sabuni au kitenge. Kwa wazee hatuendi mikono mitupu.

Pesa ya cheti cha kuzaliwa cha babu usiitenge. Usajili wa vizazi na vifo chini ya Waingereza haukuwafikia Waafrika wengi wa vijijini, na kumbukumbu za vizazi za Wajerumani zilikuwa za Wazungu wenyewe. Nimeona watu wakisumbuana na makarani miezi mitatu kwa ajili ya cheti ambacho hakikuwahi kuandikwa.

## Hatua ya 1: Kaa na wazee kabla ya kugusa karatasi

Anza na aliye mkubwa kuliko wote, hata kama kumbukumbu yake inayumba. Faili litakungoja mwaka mzima. Yeye huna hakika naye.

Usiwasahau wanawake walioolewa mbali. Kwetu, wanaume waliobaki kijijini walinipa hadithi moja iliyonyooshwa, kila mmoja kaikariri kwa mwenzake. Aliyeuokoa utafiti wangu ni shangazi yake baba, aliyeolewa Nzega, ambaye hakuna aliyewahi kufikiria kumwuliza.

Swali baya kuliko yote ni "Babu alizaliwa mwaka gani?" Mzee hajui, na kwa adabu tu atakupa mwaka wowote ili usiondoke mtupu. Uliza hivi:

- Alikuwa chini ya mtemi gani, na mwanangwa wake, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, alikuwa nani? Kwa upande wa Kigoma: chini ya mwami (mtawala wa Waha) gani na mtwale (mkuu wa eneo chini ya mwami) gani?
- Reli ilikuwa imeshafika?
- Wabelgiji walipoingia, alikuwa ameshaoa?
- Nyumbani aliitwaje, kazini aliitwaje, na wakwe zake walimwitaje?
- Aliposafiri alifuatana na nani, na alirudi na nini?
- Kaburi lake liko wapi, na jirani yake kazikwa nani?

Swali la "alirudi na nini" ndilo lililomwinua shangazi kwenye mkeka. Aliingia chumbani, nikasikia sanduku la bati likiburutwa sakafuni, akatoka na kopo la majani ya chai lililokula kutu. Ndani mlikuwa na vifungo viwili vya shaba na karatasi iliyokunjwa mara nne, laini kama kitambaa kwa kushikwashikwa. Ilikuwa risiti ya kodi. Wino ulikuwa umefifia, lakini namba ilisomeka, mwaka ulisomeka, na jina la mwanangwa lilisomeka. Watu wa enzi hizo walitunza risiti za kodi kuliko picha, maana aliyekamatwa bila risiti aliweza kulipishwa kwa nguvu za mwili wake, kwenye barabara au kazi nyingine ya serikali. Basi uliza makopo, uliza masanduku, uliza kilichochomekwa darini.

Majina ya asili nayo yasikilize, yanasema mengi. Ukiambiwa babu alikuwa Shija, walitangulia mapacha, Kulwa na Dotto, hata kama hakuna anayewakumbuka. Kashindye ni mtoto aliyemfuata Shija. Mabula alizaliwa mvua ikinyesha. Upande wa Waha, Bukuru na Butoyi ni mapacha, Chiza huwafuata, Nyandwi ni mtoto wa saba na Minani wa nane. Nimewahi kumwambia kijana wa Kasulu, "Babu yako Minani, hao saba wa juu yake wako wapi?" Akatoa macho. Alikuwa na orodha ya ndugu wawili tu.

Tahadhari tatu. Kwanza, neno "babu" kwetu ni pana. Linaweza kuwa la kaka wa babu au mjomba wa bibi. Kila mara uliza, "Babu huyo alimzaa nani?" Pili, mahari. Kwa Wanyamwezi, mtoto ambaye mahari ya mama yake haikulipwa alihesabiwa upande wa ujombani, kwa hiyo usishangae ndugu wa tumbo moja kutajwa kwa koo mbili. Tatu, na hii ishike kwa mikono miwili: familia nyingi za Ujiji na za Tabora mjini zina wazee walioletwa kama watumwa kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo, na kwingineko. Mzee akinyamaza, nyamaza naye. Habari hiyo huja siku ya tatu au ya nne, tena kwa sauti ya chini, na huenda akakutaka usiiandike. Heshima yake iwe mbele ya daftari lako.

Na mtani wa ukoo akikuapia kwamba babu yenu alifukuzwa jeshini kwa kuiba kuku wa bwana mkubwa, cheka, halafu tafuta shahidi mwingine.

*Umefaulu ukiwa na* mahali angalau pawili, jina la mtemi au mwami mmoja, jina la mwanangwa au mtwale, na kazi au safari moja.

## Hatua ya 2: Geuza masimulizi kuwa miaka

Wazee wetu walihesabu kwa matukio. Haya ndiyo ninayoyatumia zaidi:

- Januari 1893: Mtemi Isike wa Unyanyembe, utemi wa eneo la Tabora, ajilipua kwa baruti Wajerumani walipoivunja ngome yake.
- 1897: Wajerumani watoa amri ya kodi ya nyumba.
- 1912: reli yafika Tabora. 1914: yafika Kigoma.
- 1916: Wabelgiji waingia Kigoma mwezi Julai na Tabora mwezi Septemba.
- 1918 na 1919: homa kubwa ya mafua.
- 1922: utumwa wafutwa kisheria Tanganyika.
- 1927: Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 wakati ikiitwa Graf von Götzen, yarudi kazini ziwani.
- 1928: reli ya kutoka Tabora yafika Mwanza.
- 1939 hadi 1945: vita vya Hitler.
- 1947: mradi wa karanga, ambao baadaye uliingia Urambo.

Mfano: shangazi alisema, "Alikuwa anachunga mbuzi treni ya kwanza ilipoingia Tabora, wakakimbia wakawaacha mbuzi." Mchunga mbuzi ana miaka minane hadi kumi na mbili. Toa kwenye 1912, unapata kati ya 1900 na 1904. Andika hivyohivyo, "kati ya 1900 na 1904". Ukiandika 1902 kwa sababu inapendeza, baada ya wiki utasahau kwamba ulikisia, na utamkataa babu wa kweli kwenye faili kwa kuwa kaandikwa 1900.

## Hatua ya 3: Jiulize alitakiwa nini, na nani

Hapa ndipo utafiti unapopinda kulia au kushoto, kwa hiyo usiwe na haraka.

Jua kwanza nani alitawala wapi. Hadi 1916 ni Wajerumani, na makao yao upande wa ziwa yalikuwa Ujiji, si Kigoma. Ukitafuta neno "Kigoma" kwenye karatasi za 1905 utapoteza siku, tafuta "Udjidji". Kuanzia 1916 ni Wabelgiji: Tabora waliikabidhi kwa Waingereza mapema 1917, lakini Kigoma walibaki nayo hadi 1921. Kwa hiyo babu wa Kigoma aliyeshtakiwa au kuajiriwa mwaka 1919 aliandikwa kwa Kifaransa. Baada ya hapo ni Waingereza. Miaka ya 1920 Kigoma na Tabora zilikuwa majimbo mawili, kisha zikawekwa pamoja katika Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora. Ndiyo maana mambo ya Kasulu na Kibondo ya miaka ya 1930 unaweza kuyakuta kwenye mafaili ya Tabora.

Kwa ndugu zangu wa mpakani, wale ambao wakifika kwenye kaunta fulani huulizwa babu yao alizikwa upande gani, kumbukeni hili: kabla ya 1916 Urundi na Ujiji zote zilikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani. Karatasi ya 1910 inayomtaja babu yako akiwa Urundi haimaanishi alikuwa nchi ya kigeni. Alikuwa amehama kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Mimi na rafiki yangu tuliwahi kueleza jambo hilo kwa ofisa mmoja kwa muda wa saa nzima, akatusikiliza, akatuambia turudi Jumatatu.

Sasa kazi yenyewe.

Askari. Wajerumani waliajiri Wanyamwezi wengi. Waingereza waliwaingiza kwenye Keya, yaani King's African Rifles, na kikosi cha Tanganyika kilikuwa batalioni ya sita. Katika vita vya pili watu wetu walifika Habeshi, Madagaska mwaka 1942, na Burma. Kama kuna nishani ya vita vya kwanza, chukua kioo utazame ukingo wake, ule wembamba wa pembeni. Nishani ya vita ya Uingereza iliyotolewa kwa askari wa Keya huwa imeandikwa namba, jina na kikosi. Usiisugue kwa majivu wala mchanga ili ing'ae, utafuta maandishi. Nishani za vita vya pili hazikuandikwa majina, kwa hiyo zitakuonyesha alipigana wapi tu.

Mpagazi wa vita. Hapa nakuandaa kwa huzuni. Wapagazi wengi waliokufa 1914 hadi 1918 hawakuandikwa popote. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri yenyewe mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda idadi ikafika 350,000. Orodha yake iko mtandaoni bure. Itazame, lakini jina likikosekana usihitimishe kwamba hakwenda.

Manamba. Waha na Wanyamwezi walikwenda kwenye mkonge wa Tanga kwa maelfu, na kuanzia 1944 wengi walipitia SILABU, chombo cha wenye mashamba cha kuajiri vibarua. Tafuta kipande, ile kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Jina la shamba likionekana, utafutaji wako umehamia Tanga.

Reli na bandari. Uliza alikuwa gengeni (kikosi cha kutunza kipande cha njia ya reli), kwenye karakana, au kuli wa gati la Kigoma. Neno "genge" litakupa kilomita na stesheni.

Mtumwa aliyeachwa huru. Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu, na watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 walihesabiwa huru. Hati kama hiyo ikiwa sandukuni, imeshikilia jina, mahali, na mara nyingine jina la aliyemmiliki. Isomwe faragha kwanza.

*Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja ya namna hii:* "Kati ya 1923 na 1930 alikuwa kibarua wa reli, mlipa kodi chini ya mwanangwa fulani wa Unyanyembe." Hiyo ndiyo itakayotafutwa.

## Hatua ya 4: Andika jina kwa masikio ya wageni

Mjerumani aliandika alichosikia kwa herufi zake. Kwake "sch" ni sh, "tsch" ni ch, "dsch" ni j, na "j" peke yake ni y. Unyamwezi ikawa Unjamwesi, Ushirombo ikawa Uschirombo. Kwa padri Mfaransa, "ou" ni u, "dj" ni j, na "ch" ni sh. Unyanyembe ikawa Ounyanyembé. Mwingereza naye alichanganya l na r, jambo ambalo tuseme ukweli hata sisi twalifanya.

Chukua ukurasa mmoja, andika jina la babu kwa namna zote unazoweza. Shija atakuwa Schidscha, Chidja, Shiga. Kisha ongeza jina la ubatizo, la Kiislamu, la utani na la kazini. Ukurasa huo uwe wazi mezani kila unapofungua faili. Mimi nililipita jina la babu mara mbili kwa kuwa nilikuwa natafuta Sh.

## Hatua ya 5: Nenda parokiani au mishoni

Kama kulikuwa na ubatizo ndani ya ukoo, hata wa dada yake tu, anzia hapa kabla ya serikali. Kitabu cha ubatizo ni kati ya karatasi chache za enzi hizo zilizowauliza watu wetu wazazi wao ni nani.

Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walifika Ujiji 1879, Karema 1885, Ushirombo 1891 na Ndala 1896. Wamoravian waliipokea Urambo kutoka London Missionary Society mwaka 1898, na baadaye wakaenea Sikonge na Tabora. Uliza kituo kilichokuwa karibu *wakati ule*. Parokia yenu ya leo huenda ilizaliwa juzi, na vitabu vya zamani vikabaki kwa mama yake.

Usimvamie paroko Jumapili baada ya misa. Andika barua, omba siku ya kazi, taja miaka unayoitafuta, na uache sadaka bila kuambiwa. Huna haki ya kudai vitabu hivyo, unafadhiliwa.

Vitabu vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini, lakini ni maneno yaleyale yanarudiarudia. Huu ni mstari niliotunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi:

*Die 14 Augusti 1911 baptizavi Josephum, natum circa annum 1890, filium Mabula et Kulwa, e pago Ndala. Patrinus fuit Carolus Masanja.*

Yaani: tarehe 14 Agosti 1911 nilimbatiza Yosefu, aliyezaliwa yapata mwaka 1890, mwana wa Mabula na Kulwa, wa kijiji cha Ndala. Msimamizi alikuwa Karoli Masanja. Ukijua *filius* na *filia* (mwana wa kiume na wa kike), *natus* (aliyezaliwa), *patrinus* (msimamizi), *testes* (mashahidi), *obiit* (alifariki) na *sepultus* (alizikwa), unasoma kitabu kizima.

Halafu geuza macho pembeni mwa ukurasa. Utaratibu wa Kanisa hutaka ndoa ya mtu irudishwe na kuandikwa kando ya ubatizo wake, hata akioa mbali. Babu aliyebatizwa Ndala akaoa Tanga anaweza kuwa na Tanga yake imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni, pamoja na jina la mke na tarehe. Wengi hupiga picha ya mstari na kukata pembe. Piga ukurasa mzima.

Na msimamizi wa ubatizo mchunguze. Mara nyingi alikuwa ndugu au rafiki wa safari, na watoto wake huenda wanajua habari ambazo kwenu zimekufa.

Kwa Waislamu njia ni nyingine. Hakuna kitabu kimoja cha kukimbilia, lakini uliza kwa masheikh wa msikiti wa zamani nani alifungisha ndoa na mashahidi walikuwa nani. Omba pia kuona barua na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ujiji na Tabora zipo familia zenye barua kama hizo ambazo vijana wanadhani ni dua, kumbe ni mkataba wa shamba au deni la pembe.

## Hatua ya 6: Yafuate mahame

Kijiji anachokitaja shangazi huenda hakipo. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza waliwahamisha watu wa Tabora, Kibondo na Kasulu kuwaweka pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kisha zikaja operesheni za vijiji. Ya Kigoma ilianza 1972. Kwa hiyo usitafute jina la kijiji kwenye ramani ya simu. Mtafute mchunga ng'ombe au mrina asali wa eneo lile, atakupeleka kwenye mahame: miembe iliyopangana katikati ya pori, mawe ya kusagia, marundo ya udongo wa tembe iliyoanguka.

Piga picha, andika makaburi yaliyotazamana, na uchukue kipimo cha mahali kwenye simu. Usichimbe chochote. Na hapa mjini, boma la Mjerumani limo mikononi mwa jeshi. Simu yako ibaki mfukoni.

## Hatua ya 7: Sasa nenda Dar

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, mtaa wa Vijibweni. Wasiliana nao kabla ya kukata tiketi, uulize siku za kazi, ada na kama mafaili ya mkoa wako yanatolewa kwa sasa.

Ukifika usimwambie karani "Namtafuta babu yangu." Hana rafu ya mababu. Mwambie: "Naomba orodha ya mafaili ya Jimbo la Magharibi na ya wilaya ya Tabora, kati ya 1923 na 1935, yanayohusu kodi, kazi na mabaraza ya wenyeji." Hapo utaona anainuka.

Agiza kwanza Kitabu cha Wilaya. Mabwana shauri, wakuu wa wilaya wa Kiingereza, waliandika humo watemi na wanangwa, nasaba za watawala, mipaka, mila za ardhi, matukio ya njaa. Babu wa kawaida hamo, lakini mwanangwa wake anaweza kuwamo, na mwanangwa ndiye uzi wako. Mimi risiti ya shangazi ilinipa jina la mwanangwa, Kitabu cha Wilaya kikanipa eneo lake, na eneo likanipeleka kwenye faili la malalamiko ya kodi ambamo watu kumi na mmoja walitajwa. Wa tisa ndiye.

Kumbukumbu za Kijerumani zilizomo humo zilitambuliwa na UNESCO mwaka 1997. Nyingi zimeandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo hawausomi. Herufi e inafanana na n. Usijaribu kuzisoma palepale. Ukiruhusiwa, piga picha, kisha tumia programu kama Transkribus au mtu anayejua mwandiko ule.

Tahadhari. Kila picha ianze na ganda la faili lenye namba yake. Picha mia mbili zisizo na namba ni sawa na kupotea, kwa kuwa hutaweza kurudi wala kumwelekeza mwingine.

*Umefaulu ukitoka na* namba ya faili, tarehe, na ukurasa, hata kama jina bado.

## Hatua ya 8: Ng'ambo, ukiwa nyumbani

Mafaili ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Bundesarchiv, Berlin, kundi R 1001, na yanasomeka mtandaoni bure. Ni ya mambo makubwa: maofisa, vita, reli, kesi nzito. Tafuta "Tabora" na "Udjidji" badala ya jina.

Mapadri Weupe kila kituo kiliandika shajara ya kila siku kwa Kifaransa. Ziko kwenye makao yao Roma. Za Wamoravian ziko Herrnhut, Ujerumani. Kwa miaka ya Wabelgiji andikia Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, Brussels. Barua za serikali ya Tanganyika kwenda London ziko Kew, kundi CO 691, na Vitabu vya Wilaya vipo kwenye filamu ndogo katika chuo cha SOAS, London.

Barua pepe yako iwe fupi: mahali, miaka, kazi, na swali moja. Walionijibu wote walijibu swali moja. Niliyemwandikia kurasa tatu bado namngoja.

## Hatua ya 9: Pima, kisha andika

Kila habari iwekee alama: M ya masimulizi, K ya karatasi, D ya dhana yako. Habari yenye M mbili kutoka kwa watu wasioishi pamoja ina uzito kuliko K moja ya karani aliyekuwa akikisia umri wa watu waliopanga foleni juani. Zikigongana, ziandike zote mbili. Nina babu mwenye miaka miwili ya kufariki na sijaona sababu ya kumuua mara moja.

Jihadhari na jina linalofanana. Kina Mabula wa Unyanyembe ni wengi kama miembe. Usimkubali yeyote mpaka mambo matatu yalingane: eneo, kiongozi wake, na ama kazi ama ndugu mmoja.

Toa nakala tatu. Moja ikae kwenye simu na barua pepe, moja kwenye bati lililoinuliwa sakafuni kwa ajili ya mchwa, na moja mpelekee mzee aliyekupa habari, umsomee kwa sauti hadi mwisho.

Mimi shangazi nilimsomea barazani, jioni. Alisikiliza kimya hadi nilipomtaja mwanangwa wa kwenye Kitabu cha Wilaya, akainua mkono. "Huyo sie," akasema. "Huyo ni mdogo wake, alishika kiti miezi michache mkubwa alipougua. Andika vizuri." Nikatafuta penseli.